Zamu ya Ijumaa

Tuliokuwepo ndivani asubuhi ile ya Ijumaa tulikuwa wanne. Alikuwepo Mama Yese, jirani yetu, jembe begani na kanga ya kijani imekazwa kiunoni. Alikuwepo mdogo wangu Ruthi, wa miaka kumi na mitano, ameshika mti mrefu wa kuzibulia. Alikuwepo Mzee Mbonea, aliyekuwa mlinzi wa ndiva kabla yangu, ameketi ukingoni na mbuzi wake wawili, anatafuna muwa. Na nilikuwepo mimi, Nakundwa, mlinzi mpya, wa miaka kumi na tisa. Mzee Mbonea alikwisha kufariki zamani. Ruthi sasa ni mama mtu mzima, anaishi Same mjini. Mama Yese tumemzika majuma mawili yaliyopita, siku ya Jumapili, kwa kuwa Wasabato hawaziki Jumamosi, na tangu niliporudi kutoka kaburini maneno ya asubuhi ile yananifuata jikoni, shambani, hata kanisani. Mimi niliishia kidato cha pili na sijazoea kuandika zaidi ya majina ya watu wa zamu. Lakini jambo hili nimelibeba kichwani vya kutosha.

Kwa asiyejua milima yetu iliyo juu ya Hedaru, ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, ambalo mababu walilijengea ukuta wa mawe na udongo. Kijito chetu ni chembamba, ukikifuata hivi hivi hakifiki shambani, maji yanaishia kunywewa na ardhi. Kwa hiyo usiku kucha kinaachwa kijaze ndiva, na asubuhi mlinzi anazibua tundu la chini, lililozibwa kwa udongo na magome ya migomba, na maji yote yanateremka kwa nguvu kwenye mfereji hadi shamba moja tu, la mwenye zamu. Kesho yake ni shamba jingine. Katika mfereji wetu tulikuwa nyumba saba, kila nyumba siku yake. Ukikosa siku yako, unangoja juma zima, na kama jua ni kali, juma zima ni msimu mzima. Mlinzi halipwi mshahara. Wakati wa mavuno kila nyumba humletea mahindi na maharage, na kwa chakula hicho, mwaka ule, nilikuwa nawalea wadogo zangu watatu, maana baba na mama walikwisha kufariki.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu Mzee Mbonea aliiharibu. Alikuwa akihamisha zamu za watu kwa vibuyu vya dengelua, ile pombe yetu ya muwa. Ukimpelekea kibuyu Jumatatu, Jumanne maji yalikuwa yako, na mwenye Jumanne aliambiwa ndiva haikujaa. Kamati ya ndiva ilipomfukuza, mwenyekiti wake, Mzee Sefania, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa letu sisi wa Jumapili, alisimama akasema wampe kazi hiyo binti wa marehemu, maana hanywi na ana midomo ya kulisha. Wanaume wawili watatu walicheka. Mmoja aliuliza kama siku hizi ndiva inalindwa kwa sketi. Mzee Sefania hakucheka. Alifungua Maandiko, akaniwekesha mkono juu yake, na mbele ya nyumba zote saba nikaapa kwamba sitagusa zamu ya mtu, kwa upendo wala kwa chuki. Nilikuwa naamini kila neno. Nilitoka pale nikihisi Mungu amenikabidhi kijito chake.

Juma moja baada ya kiapo kile nilisikia jambo ambalo sikupaswa kulisikia. Nilikuwa jikoni, chumba kile cha udongo cheusi kwa moshi, mahindi ya mbegu yakining'inia darini juu ya mafiga. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi bondeni Bendera, alikuwa amepanda kuja kutuona, naye alisimama uani na Mzee Sefania, upande wa pili wa ukuta. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa kwamba watoto hawalelewi na mtoto. Eliya, anayemfuata Ruthi, angemchukua yeye, shamba la mpunga halikosi kazi. Ruthi angekwenda Same kwa shangazi, akamsaidie kazi za nyumbani. Sifa, wa mwisho, angekaa kwa bibi. Kuhusu mimi alisema tu kwamba nimekua, nitaolewa. Kwa hiyo tulikuwa tumegawanywa kama nyama ya sikukuu, kila mtu na fungu lake. Mzee Sefania alimjibu kwamba asubiri mavuno. Kama yule binti ataishika ndiva bila lawama hadi mavuno, watoto wabaki pamoja. Akiteleza, aje awachukue. Niligeuza ugali na moyo wangu ukageuka nao. Tangu siku hiyo sikulinda maji tena. Nililinda watu wanne chini ya paa moja.

Mama Yese hakuwa ndugu yetu. Ukoo mwingine, kanisa lingine, ila shamba lake liligusana na letu na moshi wa jiko lake ulipita dirishani kwetu. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi na hakurudi, naye alibaki na Yese, mwanawe mmoja, na shamba. Kama Wasabato wote wa kwetu, Ijumaa alipika chakula cha siku mbili ili Jumamosi asishike kuni. Na kila Jumamosi, akitoka ibadani, alipitia kwetu na sufuria ya makande, mahindi na maharage yaliyolainika usiku kucha kwenye majivu ya moto, yana kitunguu na chumvi na mafuta kidogo juu. Alianza kuleta Jumamosi ya kwanza baada ya msiba wa mwisho na hakuacha. Hakuwahi kutuambia tumshukuru Mungu wala tumshukuru yeye. Aliweka sufuria juu ya figa, akamkagua Sifa masikio kama yameoshwa, akaniuliza, “Wewe umekula au umegawa?” Nikimwambia nimekula, alikaa mpaka anione natafuna.

Vuli ile mvua ilikatika mapema. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na ua la harage likikosa maji halisubiri, linadondoka. Katika juma lile lile ukuta wa ndiva ukabomoka upande mmoja. Pembe ikapulizwa, tukatoka wote kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ambayo hakuna anayelala nyumbani ikiitishwa, tukabeba mawe na udongo siku mbili. Kamati ikaamua kwamba ili nyumba mbili zisipoteze zamu zao, zamu zote zisogezwe siku mbili mbele. Ilionekana haki, na kila mtu alikubali akiwa amechoka, matope hadi magotini. Hakuna aliyekaa kuhesabu. Zamu yetu ya Jumatano ikawa Ijumaa. Zamu ya Mama Yese ya Alhamisi ikaangukia Jumamosi.

Ndipo akaja Ijumaa ile, kabla sijazibua. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema shida yake bila kuzunguka. Kesho ni Sabato. Maji ya kesho hawezi kuyagusa. Leo ni zamu yetu. Basi nimpe ya leo, nami nichukue ya kesho, maana sisi Jumamosi ni siku ya kazi kama siku nyingine. Angemaliza kunywesha kabla jua halijazama. Ruthi akadakia kwamba hakuna haja, kesho atakwenda yeye kumnyweshea shamba. Mama Yese alimtazama kwa mapenzi. “Amri hainikatazi mimi peke yangu, mwanangu,” alisema. “Inamkataza na anayenifanyia.”

Nilimwambia nimeapa. Sihamishi zamu ya mtu bila kamati. Alisema basi tumwulize mwenyekiti. Lakini Mzee Sefania alikuwa ameteremka Hedaru tangu alfajiri na ndizi za kuuza barabarani, na hangepanda hadi Jumamosi jioni. Mama Yese akashusha jembe chini. Ruthi akauegemea mti wake. Kulikuwa na sauti moja tu, ya muwa unaotafunwa, na hiyo nayo ikakoma.

“Haya, mlinzi wa Maandiko,” alisema Mzee Mbonea kutoka ukingoni. “Mpe mwenzio maji.”

Nilimwambia shikamoo yake nilikwisha kumpa, ushauri sikuomba. Alicheka, akatema makapi. Kisha akasema neno ambalo nimeishi nalo. “Mimi niliuza zamu kwa kibuyu, wewe unainyima kwa kiapo. Mwenye shamba kavu haoni tofauti.”

Leo ningependa kuandika kwamba nilisitasita. Sikusitasita. Maneno ya mlevi yule yaliniongezea ukali, maana nilimwona ni mjaribu aliyetumwa aniangushe, na nilijua kwamba kabla ya mchana angekuwa ameeneza kijijini kwamba binti naye amehamisha zamu, na habari hazichelewi kufika Bendera. Nilimwona Eliya matopeni. Nilimwona Ruthi akifua nguo za nyumba ya watu. Nikamwambia Mama Yese, “Nisamehe mama, siwezi kumkosea Mungu.” Alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama Sifa masikio, akitafuta kitu. Akasema, “Sawa, mwanangu.” Akaliweka jembe begani akashuka. Nikamnyang'anya Ruthi mti, nikazibua mwenyewe, na maji yakateremka na kishindo chake hadi shambani kwetu. Maharage yetu yalikunywa siku nzima.

Jumamosi zamu haikuwa na mwenyewe. Kanuni ya ndiva ni kwamba maji yaliyokosa mtu yanakwenda kwa anayefuata, na aliyefuata alikuwa Mzee Sefania. Nikayafungulia shambani kwake, yeye akiwa bado njiani kutoka Hedaru. Tukiwa uani mchana huo tulisikia nyimbo za Wasabato zikishuka kutoka kanisani kwao. Nilijua leo hakuna sufuria, na nilikuwa nimeanza kuwaandalia wadogo zangu maneno, kwamba watu wazima hupishana. Kisha nikaona kanga ya kijani inaingia. Aliweka sufuria juu ya figa. Akamkagua Sifa. Akaniuliza, “Wewe umekula au umegawa?” Alikaa mpaka akaniona natafuna. Makande yale yalikuwa matamu kama siku zote.

Kesho yake kanisani Mzee Sefania, aliyekuwa amesikia tu kwamba nilikataa kuhamisha zamu, alisimama wakati wa matangazo akanitaja. Alisema vijana wajifunze kwa Nakundwa, aliyewekwa juu ya kidogo akawa mwaminifu, aliyeshinda jaribu akiwa peke yake ndivani. Wanawake wakapiga vigelegele. Yule aliyesema habari ya sketi aliinamisha kichwa. Mama mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba afadhali, hawa Wasabato wamezidi kutaka dunia nzima isimame kwa ajili yao, na mwenzake akacheka taratibu. Nilikaa nimenyooka kwenye benchi. Huo ndio wakati ambao, kama ningeweza kurudi, ningeurudia kabla hata ya ule wa ndivani. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa napigiwa vigelegele kwa shamba la mtu linalokauka, na sikusema neno.

Jumanne kamati ilikaa nyumbani kwa mwenyekiti. Mama Yese alikuja akaeleza jambo lake kwa kifupi, akaomba kwa juma lijalo apewe siku yoyote isiyo Sabato. Walikubali hata kabla hajamaliza, wakamrudishia Alhamisi yake. Mzee Sefania alikuwa anaandika kwenye daftari, akasimamisha kalamu, akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kuelewa. “Lakini Ijumaa ilikuwa ya kwenu. Mbona hukumpa?”

Nikasema kiapo.

“Uliapa kutogusa zamu ya mtu,” alisema. “Zamu yako ni yako, binti yangu. Nani angekulaumu kwa kutoa kilicho chako?”

Chumbani walikuwepo watu wanane, na nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia alichokuwa amesema. Wengine walikwisha kuhamia habari ya mawe ya ukuta. Mama Yese aliangalia mikono yake. Niliona kwamba yeye alilijua hilo tangu Ijumaa. Alilijua pale pale ndivani aliponitazama, na hakulisema, labda kwa kuwa alitaka nilitoe mwenyewe, labda kwa kuwa mtu anayeomba hamfundishi anayeombwa. Hata mlevi alilijua. Mimi peke yangu, niliyekuwa na mkono juu ya Maandiko, ndiye ambaye sikulijua. Au nililijua. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapolirudia jambo hili. Kiapo changu na shamba langu vilikuwa upande mmoja, na miaka yote hii sijaweza kuvitenganisha nione ni kipi kilichozibua maji. Kama kiapo kingenitaka nikose maharage, ningekishika kwa uimara ule? Watu wananiita mtu wa msimamo. Sijui. Nimewahi kumwona punda amesimama imara katikati ya njia.

Maua ya Mama Yese yalidondoka. Alhamisi ile walipompa maji yalikuta majani ya njano. Hakuna mtu aliyekufa kwa njaa, na nashukuru, lakini kuna namna ya kuhesabu hasara ambayo haiko kwenye magunia. Sufuria iliendelea kuja kila Jumamosi, ila maharage yalianza kupungua ndani yake. Mwanzoni tuliona yametawanyika. Baada ya mwezi mmoja ungeweza kuyahesabu. Eliya, aliyekuwa na ulimi, alichota upawa akasema maharage ya Mama Yese yamekwenda likizo. Ruthi alimpiga kibao cha kisogo na kutoka nje akilia, nasi tuliobaki hatukutazamana. Mwishoni yalikuwa mahindi matupu na chumvi, yamelainika vizuri kabisa, yameletwa saa ile ile, na swali lile lile.

Tulipovuna nilijaza kikapu maharage yetu hadi juu, nikampelekea. Alinikaribisha chumba chake cha mbele, chenye kitanda, meza na saa ya ukutani isiyotembea, akanipa maziwa. Nilisema nimekuja kulipa. Alimimina maharage kwenye ungo, akayapepeta taratibu, akasema ni mazuri. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo akanijazia parachichi kwenye kikapu kile kile, mengi zaidi ya nilivyoleta. Mlangoni akanishika mkono na kucheka kidogo. “Nakundwa, mimi sikukudai maharage. Nakudai zamu.”

Ikawa utani wetu. Mwaka ule uliisha, baba mdogo alipanda mara ya pili, akakuta watoto wameshiba na ndiva haina lawama, akashuka peke yake. Wadogo zangu walikulia chini ya paa lile. Niliilinda ndiva miaka mingi, na kila nilipokutana na Mama Yese njiani aliinua kidole, “Nakudai zamu,” akacheka, nami nikacheka. Mara kadhaa nilimwambia achukue Jumatano yetu yoyote, juma lolote. Alikataa, akasema ana zamu yake ya Alhamisi na inamtosha. Mvua ilipokuwa njema hakuhitaji. Ilipokuwa mbaya hakuomba tena. Nilingoja aombe. Nilijiambia kwamba siku akiomba nitampa kabla hajafunga mdomo. Hakuomba maishani mwake tena, kwangu wala kwa mwingine, kitu chochote cha maji.

Siku ya mazishi wadogo zangu walipanda wote. Tulikaa uani kwa Mama Yese na sahani mapajani, na Ruthi akawasimulia wakwe zake habari ya Ijumaa ile, kama anavyoisimulia siku zote, kwamba dada alisimama imara mbele ya mlevi na ndiyo sababu hatukutawanyika. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mke wa Yese, aliyemwuguza mama mkwe wake, alikuwa akigawa makande. Alisikia neno ndiva akasimama na upawa. Alisema mama katika siku zake za mwisho alikuwa amechanganyikiwa, hamtambui hata Yese, lakini kila asubuhi alishtuka kabla ya jua, akatafuta jembe kwa mikono, akauliza, “Zamu yangu imefika?” Nao walimwambia bado, mama, lala. Akalala.

Kisha akanitilia makande. Maharage yalikuwa mengi.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda ndivani. Siku hizi ukuta wake ni wa saruji na mlinzi ni kijana mwenye simu mfukoni na majina ya zamu humo ndani ya simu. Aliniamkia, akaniuliza leo maji ayapeleke wapi, maana Yese anaishi mjini na shamba la marehemu lina majani tu. Kanuni ilisema aliyefuata. Nikamwambia afungulie pale pale kwa Mama Yese, aache hadi yaishe. Alinitazama kama mzee anayeanza kupotea, lakini akazibua. Nilishuka na mfereji nikafika kabla ya maji, nikasimama kwenye mpaka wetu, nikayaona yanaingia, yanazunguka mashina ya magugu, yanatulia kwenye matuta ya zamani ambayo jembe lake liliyaacha. Yalikuwa maji yake mwenyewe, ya Alhamisi. Ya Ijumaa bado nadaiwa.